Alama ya Nje, Alama ya Sikio

Alhamisi, tarehe tisa Februari. Jua limewaka tangu asubuhi mapema. Mawingu yamekaa juu ya milima ya Nyambene siku nzima kama wageni waliosimama mlangoni na hawataki kuingia. Huku chini kwetu hakuna hata tone. Vumbi limeingia mpaka kwenye unga.

Leo Mpiga Chapa, mzee anayechoma mifugo alama za wenyewe, aliitwa kwenye boma la serikali aseme ng'ombe wa Mama Guyo ni wa nani. Mama Guyo ni jirani yetu, mjane, na ng'ombe huyo ndiye mali aliyobaki nayo. Ng'ombe alichukuliwa na askari pamoja na wengine kwa sababu paja lake lina chapa ya ukoo wa mtu mmoja aliyeingia porini na shifta, waasi wanaopigana na serikali. Kesho wote wanapakiwa kwenye malori wapelekwe Nanyuki, na ng'ombe akishafika Nanyuki hajawahi kurudi. Wa kumtoa alikuwa Mpiga Chapa peke yake.

Nitaandika yaliyotokea, lakini nataka kwanza nimwandike yeye mwenyewe, maana nikianza na ya leo mtu atamchukia, na hiyo haitakuwa haki. Sijui kama nitaweza. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mambo ya mifugo ya huku si ya kwetu. Sisi ni watu wa Meru, tulishuka hapa Isiolo mume wangu alipopata kazi ya josho la mifugo. Kwa hiyo nikikosea ni kwa kutojua.

Tulimkuta hapa. Nyumba yake inatazamana na yetu, na kati kuna ua wa miiba ambao mbuzi wake hawakuuheshimu hata siku moja. Ukoo wake sikuuliza, naye hakusema. Alizungumza na Waborana kwa Kiborana na Wasamburu kwa Kisamburu, Wasomali wakaja akawasalimu salaam aleikum na kukaa nao mpaka chai ikaisha. Kwetu sisi alisema Kiswahili cha kukatakata, kama mtu anayepasua kuni. Kila kabila lilidhani ni mtu wao aliyepotea kidogo.

Kazi yake ilikuwa kuchoma chapa. Ndani ya nyumba yake vyuma vilining'inia ukutani, kila kimoja kwenye mfuko wake wa ngozi, na kila mfuko kwenye kigingi chake. Mimi mwanzoni niliona ni ujinga, kwa sababu vingine vilikuwa na umbo lile lile. Siku moja alikuja mtu haraka, ndama wake wanasubiri, na chuma cha ukoo wake kilikuwa kimevunjika mpini. Akaona kingine cha duara kama hicho hicho. Akasema, mzee, si tutumie hiki, duara ni duara. Mpiga Chapa alimnyang'anya akakirudisha mfukoni mwake.

"Duara ya huyu haijui duara ya yule," alimwambia. "Hawajawahi kunywa maji pamoja."

Yule mtu alirudi kesho yake.

Nilikuja kuelewa polepole. Chapa ya nje, ile ya paja au ya shingo, ni ya kusomwa na kila mtu kwenye kisima. Inasema ng'ombe huyu ni wa ukoo fulani, apewe maji, na akipotea arudishwe. Lakini ukoo wa Merti na ukoo wa Oldonyiro wanaweza kuwa na chapa moja na wasigombane miaka yote, kwa sababu visima vyao viko mbali na mifugo yao haionani. Alikuwa akisema hivi: "Alama mbili kufanana si vita. Vita ni zikikutana kisimani."

Na zilikutana. Mwaka mmoja kabla ya vita hivi vya shifta, Mborana wa Merti na Msamburu wa Oldonyiro walishikana hapa sokoni juu ya fahali mmoja, kila mtu akionyesha mstari wa shingoni na kuapa ni wa kwao. Watu walikuwa wameshaanza kuokota mawe. Mpiga Chapa akaitwa, akaja akitafuna, akamzunguka fahali, akacheka. Akasema wote wawili hawadanganyi. Kila mmoja ametoka kwao na alama, lakini nyumba ameiacha nyuma, ndiyo maana hazielewani. Akawauliza mkono wa kwao huchoma kuanzia juu au chini, maana kovu lina kichwa na mkia. Chapa ilikuwa ya Merti. Tangu hapo, kila mnyama aliyeletwa Isiolo kutoka huko, alimtia nukta ndogo mbele ya chapa: nukta moja juu kwa Merti, moja chini kwa Oldonyiro, mbili kwa Korbesa. Chapa ilibaki ile ile, ila sasa ilisema imetoka kwa nani. Vijana wa soko walimwita Mzee Nukta, naye akawatukana kila mmoja kwa lugha ya kwao, ili asikosee mtu.

Sikio ni jambo lingine. Mkato wa sikio ni wa nyumba. Ukoo mzima una chapa moja, lakini kila mama ndani ya ukoo ana mkato wake, na hausomwi na mgeni. Niliwahi kumuuliza kwa nini, kwani kuna siri gani kwenye sikio la ng'ombe. Alikuwa ameketi kwangu, ameshaweka sukari kijiko cha nne, na kwake nyumbani alikuwa akimpa mgeni kimoja na kukitikisa kwanza.

Akasema, "Mama Kananu, hapa ndani mtoto akiita mama, nani anageuka?"

Nikasema mimi.

"Akiita sokoni?"

Nikasema tutageuka wanawake wote.

"Basi. Jina la ndani linatosha ndani. Ukitaka kutoka nalo, beba na nyumba yako juu ya kichwa."

Nilicheka, nikamwongeza chai. Sasa naona alikuwa amenijibu nusu tu. Nusu nyingine niliipata kwa kumwona akikasirika. Mtu mmoja kwenye hoteli ya chai alianza kuwaeleza madereva wa malori kwamba sikio lililokatwa hivi lina maana hii, ng'ombe huyu alitolewa zawadi na fulani kwa fulani. Mpiga Chapa alisimama akammwagia maji ya kunawia. Kisha akalipa chai ya wote wawili na kutoka. Kulipa kwake ndiko kulikowashangaza watu.

Maana yake ni hii, kama nimeelewa vizuri. Kwa desturi ya hapa, mtoto akizaliwa, mjomba au rafiki wa baba anaweza kumpa ndama. Ndama huyo anabaki na chapa ya aliyetoa, haifutwi, ni heshima. Sikio ndilo linalokatwa upya kwa mkato wa nyumba iliyopokea. Kwa hiyo paja linasema katoka wapi, na sikio linasema ni wa nani. Mwenye kusoma vyote viwili anajua nani anampenda nani, katika nchi nzima kuanzia hapa mpaka Korbesa. Na aliyekuwa akikata masikio hayo ya upande huu ni Mpiga Chapa.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali kwa mbuzi na mwoga kwa kuku. Kuku akirukia mlangoni kwake alikuwa akitoka nje mpaka afukuzwe. Aliazima vitu bila kusema. Jembe letu lilikaa kwake tangu mvua za mwaka juzi, na nilipolifuata alinisifu kwa kuwa na jembe zuri. Na yeye aliyejua alama za watu wote, punda wake hawakuwa na alama yoyote. Walipotea kila mwezi, naye akizunguka mji mzima akiwauliza watu kama wameona punda. Wameona punda wa aina gani? Punda tu. Mume wangu alimwambia siku moja, mzee, wewe ni fundi wa viatu anayetembea peku. Akajibu kwamba punda wake wanamjua yeye, inatosha, shida ni watu.

Alikuwa pia na majivuno. Alipaka ndevu hina kila Ijumaa, na alikuwa na koti la kizungu lenye kifungo kimoja ambalo alilivaa kwenda ofisi ya mifugo. Hapo nimefika mahali ambapo sitaki kufika.

Kabla ya vita, Bwana Mifugo aliyekuwapo alimwomba aeleze chapa zote za wilaya ili wanyama waliopotea warudishwe kwa wenyewe. Lilikuwa jambo jema, na mpaka leo sioni mtu ambaye angelikataa. Mpiga Chapa alikwenda na koti lake, akachora kila chapa kwa mkaa, na kando yake jina la ukoo. Fundi akazipaka rangi kwenye ubao mkubwa ukutani. Alitoa za nje tu. Za masikio hakutoa, na hawakujua kuuliza. Ubao ule aliupenda. Alikuwa akileta wageni wauangalie kama mtu anayeonyesha nyumba ya mabati aliyojenga.

Halafu vita vikaja. Sitaki kuandika kama kwamba ubaya ulikuwa wa upande mmoja. Shifta walichinja mbuzi wa maskini usiku na kuwaua watu barabarani, na wengi wa waliouawa walikuwa Waislamu wenzao. Askari nao walifanya yao. Watu wa nje ya mji waliletwa wakae pamoja kwenye manyatta za serikali, yaani kambi zenye ulinzi, mifugo ya koo zote ikafungwa pamoja ndani ya uzio mmoja, na alama zile ambazo zilikuwa hazijawahi kukutana zikalala ubavu kwa ubavu. Mpiga Chapa aliitwa kuzitenganisha. Alitia nukta mpaka ngozi ikamwishia. Ndama wakazaliwa humo ndani, wengine wakafa kwa kukosa malisho, na jioni alirudi akinuka nywele zilizoungua, hataki chai.

Wakati huo ndipo ubao ukabadilika kazi. Mtu akijulikana ameingia porini, askari walikwenda kwenye ubao, wakatafuta jina la ukoo wake, wakatoka na chapa yake, na kila mnyama mwenye chapa hiyo alikusanywa, popote alipo. Hawakujua kwamba nusu ya wanyama hao walikuwa wameshatolewa kwa watu wengine zamani. Wangejuaje? Ubao haukuwa na masikio.

Alikwenda kuomba ushushwe. Mume wangu alikuwapo. Bwana Mifugo wa sasa ni mtu wa Nyeri, kijana, mpole, na nasema hivi kwa sababu ni kweli. Alimkalisha, akamwambia mzee, ubao sasa ni wa serikali, si wangu wala wako. Mpiga Chapa akasema yeye aliutoa kwa ajili ya ng'ombe waliopotea. Bwana Mifugo akasema anaelewa. Ubao ukabaki ukutani. Tangu siku hiyo, akipita ofisini, anapita nyuma, upande wa choo.

Sasa ya Mama Guyo. Mtu yule aliyeingia porini alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, na Guyo alipozaliwa alimpa ndama. Ndiye ng'ombe huyu. Ana chapa ya ukoo wa yule mtu na sikio la Mama Guyo. Jana Mama Guyo alikwenda kwa Bwana Mifugo akalia, na Bwana Mifugo akasema jambo ambalo hakuwa na lazima ya kulisema: kama Mpiga Chapa atasimama mbele ya askari aseme sikio hili ni la nani na lilikuja vipi, mama atachukua ng'ombe wake. Mama Guyo alirudi kama anayekimbia. Alinipitia, tukaenda pamoja kwa mzee.

"Abba, useme tu," alimwambia. "Ni kusema tu. Wewe mwenyewe ulikata hiyo sikio."

Alikuwa akipaka mafuta mpini wa chuma. Aliendelea kupaka.

"Nitakuja," akasema.

Mama Guyo aliondoka akimwombea baraka. Mimi nilibaki, kwa sababu sikuupenda uso wake. Nikamuuliza kuna nini. Akaniuliza kama nimeona ng'ombe wengine walioko kwenye boma wenye chapa hiyo. Nikasema nimewaona. Akauliza kama nimeangalia masikio yao. Nikasema mimi si mtu wa kuangalia masikio.

"Yote ni mbalimbali," akasema. "Nikisoma moja, nitasomeshwa yote. Na kila sikio ni mlango wa mtu. Watasema, kumbe huyu pia alikuwa rafiki yake, na huyu, na huyu."

Nilijua anasema nini. Mwezi uliopita mwenye duka mmoja alichukuliwa na askari kwa sababu tu mtoto wake alioa kwenye nyumba ya mtu aliye porini, na mpaka leo mkewe anapeleka chakula mahali ambapo hawampokei. Nikasema labda wataishia kwa moja. Nilisema kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Alinitazama kwa upole ambao sikuuzoea kwake, akaniambia niende nikapike.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Mama Kananu, mimi ni mtu wa josho. Mimi natia dawa." Simlaumu. Alilala akigeukageuka.

Leo asubuhi tulikwenda wote bomani. Mpiga Chapa alikuja na koti lake. Bwana Mifugo alikuwapo, na askari wawili, na mkubwa wao ambaye sikumjua, aliyesimama kando akikata kucha kwa kisu kidogo. Nyuma ya uzio ng'ombe walikuwa wamesongamana, wamekonda, wanalia maji. Wa Mama Guyo aliletwa mbele kwa kamba, mwekundu, ana baka jeupe tumboni.

Bwana Mifugo alisema kwa heshima, mzee, tazama sikio hili. Mkubwa wa askari akaacha kucha zake. Akasema vizuri sana, na baada ya huyu mzee ataendelea na wale wengine pale nyuma, maana naye amekuwa akitaka kujua masikio yale yana habari gani.

Sidhani Bwana Mifugo alikuwa amejua hilo. Uso wake ulibadilika. Au labda nataka kufikiri hivyo.

Mpiga Chapa alimkaribia ng'ombe. Alishika sikio, akalikunjua kwa vidole viwili kama mtu anayekunjua jani la tumbaku. Mkato alioukata mwenyewe. Aliangalia muda mrefu. Upepo ukapiga vumbi, tukafumba macho, na tulipofumbua bado alikuwa ameshika.

"Alama hii siijui," akasema.

Mkubwa wa askari alicheka. Akauliza ni mpiga chapa gani huyu. Mpiga Chapa akasema macho yamekwisha, uzee, na mikato hii ya siku hizi kila mtu anajikatia. Akaulizwa na yale ya nyuma? Akapelekwa mpaka kwenye uzio. Akatazama moja, akatazama jingine, akasema hayajui. Askari mmoja akamwita mzee wa bure. Alikubali kwa kichwa.

Mimi nilikuwa namtazama Mama Guyo. Mdomo wake ulifunguka, na nilidhani atapiga kelele, na kusema kweli nilitaka apige. Alimwangalia mzee kule kwenye uzio, akapita kwa macho ng'ombe mmoja mmoja, sikio kwa sikio. Yeye ni mtu wa hapa. Nafikiri aliyasoma baadhi, ya jirani zake, ya dada yake labda. Nilimwona akielewa, kama mtu anayeona maji yakija mtoni na yuko katikati.

Bwana Mifugo akamgeukia. "Mama, mzee hajui. Lakini wewe ulisema ni wako. Ni wako?"

Ng'ombe alikuwa amenyoosha shingo, analamba mkono wake, chumvi ya jasho.

"Nimefananisha," Mama Guyo akasema. "Wangu alikuwa mweusi kidogo."

Bwana Mifugo aliona ulimi wa ng'ombe. Nina hakika aliona, maana aliangalia pale pale, kisha akaangalia viatu vyake. Akasema basi, rudisheni. Kamba ikavutwa.

Tuliondoka. Nilimshika Mama Guyo mkono, akautoa taratibu, akatembea mbele. Nilijilaumu kwamba nilitaka apige kelele. Sijui ningefanya nini mimi. Nimefikiri siku nzima na bado sijui, na ninaogopa kwamba ningesema ni wangu.

Mchana nilivuka kwa Mpiga Chapa na kibuyu cha uji. Alikuwa ameketi mlangoni, koti limekunjwa magotini. Kuku alikuwa karibu na mguu wake naye hakumfukuza. Alinikaribisha kwa kichwa. Vyuma vilikuwa bado ukutani nyuma yake, kila kimoja kwenye mfuko wake.

"Ulinisikia?" akaniuliza.

Nikasema nilisikia.

"Nilisema vizuri?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa kwamba anauliza kama waliamini.

"Ulisema vizuri, mzee. Walicheka."

Akavuta pumzi. Akaniambia ofisi wamemtuma mtu kusema asisumbuke tena kuja bomani, macho yake yapumzike. Akasema watu wa nje nao watasikia, habari ya namna hii hufika Merti kabla ya lori, na mtu hapeleki ndama kwa mpiga chapa asiyejua alama. Alisema bila hasira, kama mtu anayehesabu vyombo baada ya sherehe. Nikamwambia wenyewe watajua kwa nini.

"Wakijua kwa nini, na askari watajua," akasema. "Ni afadhali wote wasijue."

Kisha akaniuliza kama Mama Guyo amesema chochote. Nikasema hajasema. Alitikisa kichwa, akachukua uji, akaunywa wote bila kuomba sukari.

Nilitaka kusema amefanya vizuri, lakini ng'ombe bado yuko kule analia, na Guyo ana miaka minne. Nilitaka kusema amefanya vibaya, nikakumbuka yale masikio mengine. Nilichukua kibuyu changu nikarudi.

Jioni nilimwita Mama Guyo na mtoto wake. Nilidhani hatakuja. Alikuja, akaketi karibu na moto, akamkata mtoto kucha kwa meno wakati chakula kinachemka. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, na kabichi kidogo, na chai ya rangi. Mume wangu alitoka nje na sahani moja iliyofunikwa, akavuka kwa mzee, na Mama Guyo ndiye aliyeijaza.